Safari ya Durban Niliyoipanga Mimi

Ubao wangu wa kupandia mawimbi ni mrefu kuliko mlango wa nyumba, na ulivuka mipaka mitatu ya nchi ukiwa umefungwa juu ya paa la basi, katikati ya magodoro na baiskeli ya mtu. Kwenye mpaka wa kwanza, mtu wa forodha aliuliza kama ni meza ya kupigia pasi. Wa pili alisema ni bawa la ndege ndogo, akataka kujua ndege yenyewe iko wapi. Kule Kasumbalesa, mpaka wa tatu, wa kuingia nchini kwetu, ofisa mmoja aliuzunguka mara mbili, akaugonga kwa kidole, kisha akaandika kwenye karatasi yake: mlango mmoja, bila kitasa. Nilitia sahihi. Basi mpaka leo, kwa maandishi ya serikali, mimi nilirudi nchini na mlango.

Nilirudi pia na diploma. Ni ya mitambo ya baridi. Niliisomea Durban jioni kwa miaka mitatu, na mchana nilikuwa nachunga magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni, nimevaa fulana ya kung'aa. Hakuna aliyenilipia hata kalamu. Leo diploma hiyo imetundikwa kwenye dipo yangu ya kuuzia barafu, karibu na bandari ya Kalemie, ndani ya fremu ya kioo, juu kidogo ya kichwa cha mteja ili ainue macho. Wavuvi wa Zongwe na wa Moba wanachukua barafu kwangu. Zamani samaki wa huko walifika hapa wakinuka. Siku hizi wanafika macho yakiwa bado yanang'aa. Sisemi ni mimi peke yangu niliyefanya hivyo. Anayemjua mwingine amtaje.

Kupanda mawimbi nilijifunza kwa mzee mmoja Mzulu, mwalimu wa mchezo huo, ambaye gari lake nililichunga miaka yote mitatu bila kukwaruzwa. Siku moja alinitazama nilivyokuwa natazama bahari, akaniambia niingie. Nilimjibu kwamba mimi ni mtoto wa ziwa, maji kwangu si kitu. Wimbi la kwanza lilinivua kaptula. La ishirini nilisimama. Nilipokuwa naondoka kurudi nyumbani, alinipa ubao wake wa zamani, wa rangi ya maziwa, wenye kiraka cheusi karibu na mkia.

Watu walidhani ubao ule utakaa ukutani pamoja na diploma. Hawakujua ziwa lao. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, upepo wa kusini unalisukuma ziwa toka upande wa Moba mpaka kwetu, na asubuhi mawimbi yanafika ufukweni yamejipanga. Si marefu kama ya bahari, ila yanafuatana karibu karibu, hayakupi nafasi ya kujuta. Tena maji yasiyo na chumvi hayabebi ubao vizuri. Mtu akisimama Kalemie, atasimama popote. Nta ya kupaka juu ya ubao ili miguu isiteleze haipatikani hapa, basi nikaanza kutumia mishumaa myeupe, ile ya kanisani. Hayo yote niliyagundua mwenyewe. Mimi ni mtu wa kwanza kupanda mawimbi katika mji huu, na sijasikia aliyebisha.

Wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mchangani hawakubisha, lakini walikuwa na lao.

"Papa wa mulango!" walikuwa wananiita, maana kwetu papa ni baba. "Leo unaenda kubisha hodi kwa nani?"

"Kwa mamba," mwingine anajibu kabla yangu. "Mwambie akuachie angalau mukono wa kutengenezea barafu."

Nilikuwa nawapungia mkono. Mtu aliyeishi ng'ambo anavumilia.

Aliyekuwa hacheki ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mkimya, na miguu mikubwa ambayo mama yake alikuwa anailalamikia kila alipomnunulia viatu. Mwanzo alikuja kunibebea ubao. Kisha akaomba kulala juu yake kwenye maji tulivu. Jumapili ya tatu niliugeuza mgongo kidogo tu, nikitafuta mshumaa, na nilipogeuka alikuwa amesimama juu ya wimbi, mikono imeshuka, kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye bomba la maji. Mimi nilihitaji mawimbi ishirini. Yeye alihitaji matatu. Niliyahesabu, maana sikufurahi sana.

Siku nyingine nilimchukua video kwa simu, nikamtumia mwalimu wangu wa Durban. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, siku hiyo hiyo, kabla sijamaliza chai. Aliuliza mtoto huyu anafundishwa na nani. Nikamwambia. Akacheka sana, kisha akasema likizo ya mwezi wa saba anakusanya vijana kutoka nchi mbalimbali, wiki moja ya mafunzo, malazi na chakula vipo, na nafasi moja imebaki. Alituma barua yenye muhuri: kijana mmoja, na mtu mzima mmoja wa kumsindikiza.

Mtu mzima mmoja. Ndugu msomaji, sikuwa na haja ya kutafuta sana.

Sasa, wako watu wanaosafiri kwa kubahatisha. Mimi napanga. Nilinunua daftari la kurasa mia, jalada gumu, na nikaandika safari nzima. Ndege ndogo mpaka Lubumbashi. Viza, siku za kungoja, mahali pa kulala. Basi, mpaka, basi, mpaka, basi, mpaka. Kiti kipi kina joto la injini na kipi kina dirisha linalofunguka. Nilichora ramani ya ufukwe wa Durban kwa kalamu nne: bluu mahali mawimbi yanapoinuka vizuri, nyekundu mahali penye mawe, kijani mahali pa kula, na nyeusi maegesho yale, na nguzo ya taa niliyokuwa naegemea. Kurasa tatu nzima zilikuwa za maneno ya Kizulu ya salamu na adabu. Kila asubuhi kabla ya kufungua dipo nilikuwa nampa mpwa wangu mazoezi: kulala, kusukuma, kusimama, juu ya mchanga, mara hamsini. Alikuwa anafanya zote.

"Kule maji ni ya chumvi," nilimwambia. "Yatakubeba kama mama."

"Na wewe Mujomba yatakubeba?"

"Mimi yalishanizoea."

Nilikuwa na hamu yangu mwenyewe, siifichi. Nilitaka kupita kwenye maegesho yale nikiwa na viatu vizuri. Nilitaka kusimama pale pale kwenye nguzo, mpwa wangu akiwa majini, na mtu aniulize, "Huyu ni wa nani?"

Nilimwambia dada yangu, akakubali, akalia kidogo, akaanza kukusanya nguo za baridi. Nikawaambia wateja wangu, wavuvi, na wanawake wa ndagala. Niliwaambia pia padri, mwenye duka la dawa na fundi wa simu. Mji wote ulijua.

Baba wa mtoto hakujua.

Ni lazima nieleze vizuri, maana mtu wa mbali anaweza kudhani nilimficha. Sisi ni Watabwa wa upande wa Moba. Kwetu mtoto ni wa tumbo lililomzaa, na mwenye sauti juu yake ni kaka wa mama. Mimi mwenyewe sikumbuki baba yangu akiamua jambo langu lolote. Mjomba ndiye aliyesema nianze shule lini na nihame kwenda wapi, na baba alikuwa anasikia habari pamoja nasi mezani. Kwa hiyo nilipopanga safari ya mpwa wangu, nilikuwa natenda kama mjomba mwema anavyotenda. Shemeji yangu alikuwa Manono, kwao, miezi miwili sasa, akinunua unga wa muhogo wa kuuza huku. Ni Muluba. Kwao mtoto ni wa baba. Nilikula harusi yake, nilicheza, nilijua hayo yote. Ila kulijua jambo na kulikumbuka asubuhi unapoandika kwenye daftari ni vitu viwili.

Alirudi siku ya Jumatano. Kabla hata ya kufika nyumbani alipita kwa kinyozi, na kinyozi, akiwa amemnyoa shavu moja tu, akamwambia, "Papa, hongera sana. Tunasikia mutoto anaenda kucheza Afrika Kusini."

Nilikuwa napasua barafu alipoingia. Upande wa kulia alikuwa bwana harusi, na upande wa kushoto povu lilikuwa linaning'inia kwenye ndevu za miezi miwili.

"Shemeji! Karibu! Umerudi lini? Kaa, nikupe maji ya baridi..."

"Mutoto wangu anaenda wapi?"

"Durban! Nilikuwa nataka nikuletee habari mimi mwenyewe."

"Ulikuwa unataka. Kinyozi alitaka mbele yako."

Nilifanya kile ambacho mtu aliyesoma hufanya anapobanwa: nilitoa karatasi. Nilimfungulia daftari juu ya sanduku la samaki, nikamwonyesha basi na mipaka na ramani ya kalamu nne. Alikaa, akavaa miwani, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, polepole, akilowesha kidole. Nilidhani ninashinda. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akafunga.

"Ukurasa wa baba iko wapi?"

Nikatoa jibu lisilofaa. "Shemeji, mimi ni mujomba wake. Kwetu, unajua..."

"Kwenu. Nilioa kwenu, sikuhamia kwenu." Akavua miwani. "Kwetu, hata mbuzi, shemeji, ukitaka kumutoa mu kiwanja ya muntu, unakohoa kwanza. Wewe hukukohoa. Ulipita na mutoto wangu mbele ya mji muzima, mimi njo muntu wa mwisho kusikia, na povu mu uso."

"Karatasi za paspoti zinangoja tu sahihi ya..."

"Ya nani?"

"Ya baba," nilisema.

"Aa," alisema. "Serikali inamujua." Akasimama. "Sitatia."

Akaondoka, nusu amenyolewa, na alikaa hivyo siku mbili nzima, nadhani kwa makusudi. Kila aliyemuuliza juu ya ndevu zake aliambiwa sababu, na sababu ilikuwa mimi.

Kesho yake mpwa wangu hakuja kwenye mazoezi. Wala siku iliyofuata. Nilienda nikamkuta uani anasugua masufuria, kwa nguvu ambayo masufuria yale hayakuihitaji. Hakulia. Aliniuliza tu ni lini mwisho wa kupeleka karatasi. Nikamwambia ni baada ya siku kumi na mbili. Akaitika kwa kichwa, akaendelea na sufuria ile ile.

Jaribio langu la kwanza la kumbembeleza shemeji halikwenda vizuri. Nilivaa suti. Nilienda na barua ya mwalimu, na, kwa kuwa nilitaka aone anamkabidhi mtoto kwa mtu wa aina gani, nilishusha diploma yangu ukutani nikaenda nayo chini ya kwapa, na kioo chake na fremu yake. Nilizungumza vizuri. Nilitaja miaka, mitihani, sifa. Shemeji alikuwa anashona magunia ya unga kwa sindano kubwa, hakuacha.

"Hiyo karatasi ya baridi," alisema mwisho, "inasema nini juu ya mutoto wangu?"

Dada yangu alinisindikiza mpaka barabarani. "Kaka," alisema, "muntu anaenda kuomba musamaha na fremu?"

"Nilikuwa naeleza."

"Kwao hawaelezi. Kwao unaleta kuku, unakaa kwenye kiti cha chini, unanyamaza mpaka yeye aseme. Unaweza kunyamaza?"

"Naweza kila kitu."

"Hicho tu sijawahi kukuona ukifanya."

Nilirudi kesho yake, saa tatu asubuhi, bila suti. Kuku alikuwa mwekundu, mzito, nimemchagua mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha chini, magoti karibu na masikio, nikanyamaza. Shemeji alishona gunia moja. Akashona la pili. Jirani alipita akasalimu, nikaitikia kwa kichwa. Neno lilinipanda kooni mara nne, nikalirudisha mara nne. Gunia la tano kuku alikuwa amesinzia mapajani mwangu, na mimi nimeanza kumwonea wivu.

"Huyu naye," shemeji alisema bila kuinua macho, "ana diploma?"

"Hapana, shemeji. Huyu hakumaliza shule."

Alicheka kwa pua, kidogo, kwa bahati mbaya. Akaweka sindano chini.

"Nilikosa," nilisema. "Sikukuficha. Sikukufikiria tu, na hiyo ni mbaya zaidi."

Halafu akasema jambo ambalo sikuwa nimelitegemea. "Ile maji mimi naiogopa. Niko muntu wa mashamba. Kila mara naenda Moba na boti, nakaa katikati, nafunga macho mpaka nasikia bantu banashuka. Nilijua wewe unachezea kule na mulango yako. Mutoto nilifikiri anakubebea tu. Sasa unaniambia anasimama juu yake." Akamtazama kuku. "Jumamosi mutanionyesha. Nikiona na macho yangu, nitajua nasema nini."

Jumamosi upepo ulikuwa umekuja vizuri. Kutoka mdomo wa mto Lukuga kwenda kusini ziwa lilikuwa na mistari myeupe. Shemeji alikuja na viatu vyeusi vya kufungwa, vile vya ofisi, na alisimama mbali na maji, hatua thelathini hivi, amenyolewa pande zote mbili. Dada yangu alikuwa pembeni yake. Wanawake wa ndagala waliacha kazi, wakakaa kabisa chini kama watu waliokata tiketi.

Nilisema nitatangulia, ili shemeji aone kwanza jinsi inavyofanywa na mtu mzoefu. Nikapaka mshumaa, nikafunga kamba mguuni, nikaingia. Nilichagua wimbi zuri. Hilo nalisimamia mpaka leo, wimbi lilikuwa zuri. Nilisukuma, nikainuka, nikafikisha magoti, na nikafanya kosa la kuangalia ufukweni kama wananiona. Ubao ulitoka chini yangu ukapaa. Nilikunywa sehemu yangu ya Tanganyika, nikatokea juu, na ubao ukashuka kichwani.

"Papa wa mulango!" wanawake waliita. "Wenyewe hawapo? Rudi kesho!"

Mpwa wangu alinipokea ubao kwenye maji ya kiuno. Hakucheka, namshukuru. Akalala juu yake akapiga mikono kwenda ndani, mbali kuliko ninavyokwenda mimi, mpaka kichwa chake kikawa kidogo. Nilimsikia shemeji akisema, "Mbona anaenda tu? Mwambie arudi. Mwambie!" Dada yangu alimshika mkono.

Aliacha mawimbi mawili yapite. La tatu alilifuata. Alisimama bila haraka, mikono imeshuka, miguu yake mikubwa imeshika ubao, na akaja. Wimbi lilipotaka kumwacha aliegemea kidogo, likamchukua tena. Alipita mbele ya mitumbwi yote iliyofungwa pale, akaja, akaja, mpaka maji yakaisha chini yake, akashuka kama mtu anayeshuka kwenye ngazi ya nyumba yake. Baba yake alikuwa amesogea mbele hatua zote thelathini bila kujua. Povu la wimbi lilikuwa limefunika viatu vyake vya ofisi.

"Anasimama," alisema.

Wanawake wa ndagala waliinuka wote.

"Nani alikufundisha hii?"

Nilifungua mdomo. Mtoto aliwahi. "Mujomba alinifundisha kuanguka," alisema. "Kusimama nilijifunza mwenyewe."

Shemeji alicheka mpaka akajishika magoti. Kisha akaangalia viatu vyake, akaangalia ziwa, akaacha kucheka.

"Nitatia sahihi," alisema. "Lakini barua inasema mukubwa mumoja. Kwetu mutoto wa kike akienda mbali, mwenye kumushika mukono ni shangazi. Dada yangu wa Manono. Yeye njo mimi, ila na kitambaa mu kichwa. Ataenda naye."

"Shemeji, dada yako hajawahi kuona bahari."

"Ataiona."

"Hajui Durban! Mimi najua kila barabara, kila..."

"Umeandika vyote mu kaye, mu ile daftari yako. Niliona. Umeandika vizuri sana." Alisema hivyo kwa heshima kabisa, na hapo ndipo niliponaswa.

Mpwa wangu alikuwa amesimama kati yetu, ubao kwapani, maji yanamtiririka. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kiraka cheusi cha kwenye mkia, anakisugua kwa kidole gumba kama kwamba kingeweza kutoka. Ningeweza kubisha. Mimi ni bingwa wa kubisha, na bado zilikuwa siku chache. Niliona maegesho, ile nguzo ya taa na viatu vyangu vizuri. Nikaona pia kile kidole.

"Shangazi ana paspoti?" niliuliza.

Alikuwa nayo. Anauza vitambaa, anavifuata mpaka Lusaka na Dar es Salaam. Paspoti yake ina mihuri mingi kuliko yangu. Alifika Kalemie na mizigo sita, mama mnene mwenye sauti ya soko. Mwalimu wangu aliandika barua upya, na palipokuwa na jina langu pakawa na lake. Nilimpa daftari kwa mikono miwili. Alilisoma siku nzima, kisha akaniita.

"Papa barafu, hapa umeandika kwenye basi tukae kiti cha kumi na moja. Juu ya nini?"

"Dirisha lake linafunguka, Mama."

"Na hapa, hii nguzo umechora na nyeusi. Tunafanya nini hapa?"

Nilifikiri kidogo. "Hapo hamfanyi kitu," nilisema. "Mukipita, mutaiona tu."

Waliondoka asubuhi ya Jumatatu. Uwanja wa ndege shemeji alimshika binti yake kichwa kwa mikono yote miwili, akamwambia jambo kwa Kiluba, refu. Mimi nilimpa mshumaa mmoja mweupe, akautia mfukoni. Ubao ulibaki, kule wanazo mbao bora, mwalimu alisema. Sikuamini, lakini nilinyamaza. Siku hizo nilikuwa nimejua namna.

Safari ilikwenda kama saa. Natamka hivyo bila aibu: basi zilikuwa zile zile, mipaka ilikuwa ile ile, dirisha la kiti cha kumi na moja lilifunguka. Sijaona mtu mwingine aliyepanga safari vizuri mpaka ikaweza kwenda bila yeye.

Siku ya nne ya mafunzo shangazi alipiga simu ya video. Shemeji alikuwa dipo kwangu, maana alikuwa ameanza kuja kila siku saa zile, akikaa juu ya sanduku la samaki eti anapumzika joto. Tuliona kwanza anga, kisha kidole cha shangazi, kisha kitambaa chake kinapigwa na upepo.

"Haya maji yana chumvi!" alipiga kelele. "Nimeonja! Papa barafu, hukusema uongo!"

"Mutoto iko wapi?" shemeji aliita.

Akageuza simu. Bahari ilikuwa kubwa kuliko nilivyoikumbuka. Mtoto alikuwa kitu chembamba juu ya ubao wa manjano, anashuka kwenye wimbi linalomzidi urefu, mikono imeshuka. Mwalimu wangu, mwenye mvi sasa, alikuwa majini mpaka kifuani, ameinua ngumi zote mbili. Shemeji alinishika goti, na hakuniachia mpaka binti yake akafika mchangani.

"Na ile nguzo yako tumeiona," shangazi alisema. "Kuna kijana anachunga magari pale. Ni wa Moba, fikiria! Nimemuambia habari yako, diploma, barafu, yote. Amesema hakujui."

Shemeji alicheka mpaka mteja mmoja akaingia kuuliza kuna nini. Akamwonyesha simu. "Mutoto wangu," alimwambia. Kisha akanitazama, akasogea kidogo kwenye sanduku, akaniachia nafasi ya kukaa. "Mutoto wetu. Huyu njo alipanga."

Jumamosi iliyofuata nilichukua ubao nikaenda ziwani peke yangu, kabla jua halijawa kali. Shemeji alikuwa ameshafika. Viatu vyeusi alikuwa amevishika mkononi, soksi zimo ndani, suruali imekunjwa, na maji yalikuwa yamemfika magotini. Alikuwa amefumbua macho yote mawili.

"Nenda," aliniambia. "Na usiangalie huku."